Viti Mia vya Uwanjani

Saa tisa alasiri, jua likishaanza kulegea, jukwaa la uwanja lilikuwa na tabia ya kusinzia. Ndivyo alivyosema fundi seremala, na kwa kuwa alikuwa amekaa na jukwaa lile miaka mingi kuliko aliyokaa na mkewe, hatuna sababu ya kubishana naye. Mvuke ulipanda kutoka kwenye nyasi zilizomwagiwa maji, ukapita katikati ya safu polepole kama mtu anayetafuta nafasi yake, na mbao zilizoshiba joto zikalia kidogo kidogo, huku moja, kule moja, kana kwamba kuna watu wanajiweka sawa.

Viti vyenyewe vilikuwa kichekesho. Kulikuwa na viti vya meza ya chakula, viti vya shule vyenye majina ya wapenzi waliokwisha kuachana, kiti cha kinyozi chenye pa kukanyagia, na kiti cha kubembea kilichokatwa bembea zake ili kisimrushe mwenyewe siku timu ikifunga bao, ingawa kwa timu ile hatari hiyo haikuwa kubwa.

Timu ilikuwa mali ya mashabiki wake. Hisa hawakuwa nazo, vyeti hawakuwa navyo. Ukitaka uanachama, ulibeba kiti kutoka nyumbani kwako, fundi akakifunga kwa boliti kwenye ngazi ya saruji, basi, nawe ukawa mmoja wa wenye timu. Kiti kimoja, sauti moja. Na ukichoka, katiba ilikuwa na mstari mmoja tu: mwanachama akiondoka, huondoka na kiti chake. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine ambao kwa miaka thelathini na minane hakuna aliyepoteza macho yake kuusoma. Viti vikipungua mia moja, ulisema, timu haina wenyewe, na msajili anaweza kuikabidhi kwa yeyote mwenye uwezo wa kuilea.

Aliyekuja kuusoma alikuwa mfanyabiashara wa saruji, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Saruji, hata mbele yake. Hakuja kwa hila. Alipanda jukwaani mchana kweupe, akasimama mbele ya wanachama, akasema, "Sitaki kuwaibia. Nataka timu yenye paa, taa, na wachezaji wanaolala wameshiba. Nataka nishinde kitu kimoja kabla sijafa. Anayetaka kunipisha, atoe kiti chake, nitampelekea sofa nyumbani."

Sofa. Hapo ndipo palipokuwa na akili yake. Ukimpa mtu pesa atakwenda kufikiri. Ukimpa sofa ataketi.

Viti vilikuwa mia na sitini siku ile. Wiki tatu baadaye vilikuwa tisini na viwili, na msajili alikuwa amekwisha kutuma barua kwamba angekuja kuvihesabu Jumamosi, saa kumi jioni. Kila kiti kilichotoka kilipita mikononi mwa fundi, maana spana ilikuwa yake na boliti zilikuwa zimeshika kutu. Watu walimwita Gundi, kwa kazi yake na pia kwa sababu akianza kukusimulia mechi za zamani huwezi kumbandua. Wiki zile tatu hakusimulia kitu. Alifungua nati, akafuta vumbi kwa kiganja, akasema, "Haya, nenda salama," na mtu hakujua kama anaagwa yeye au kiti.

Alhamisi, lori lilisimama chini ya jukwaa, na binti yake akashuka. Ndiye aliyekuwa dereva wa lori la Bwana Saruji. Alipeleka sofa, na kwa kuwa gari lisingerudi tupu, wenye viti aliwabebea na viti vyao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Dereva. Leo sofa ngapi?"

"Mbili. Na usiniangalie hivyo. Mimi nabeba mzigo tu, mwenye mzigo yupo."

"Nimesema kitu?"

"Hujasema, ndiyo maana inauma." Akaketi kwenye kiti cha shule, magoti yakamfika kidevuni. "Baba, mwaka wa thelathini na nane huu daraja la pili. Hata mtoto akirudia darasa mara tatu anahamishwa shule."

"Wachezaji wamelipwa kila mwezi."

"Wamelipwa nauli."

"Nauli inayofika. Waulize wa ng'ambo ya mto."

Binti akatazama upande wa mto. Kila mtu aliijua habari ya ng'ambo. Timu yao ilinunuliwa na mwenye kiwanda cha soda. Msimu wa kwanza wachezaji walilala hotelini, wa pili walibeba kombe, wa tatu mwenye soda akapenda mchezo mwingine, kama mtu anayebadilisha redio. Asubuhi moja wachezaji wakakuta kufuli langoni. Nyasi ziliota mpaka kiunoni, na sasa palihifadhiwa matairi. Hakuna aliyekuwa na la kudai, kwa sababu hakuna aliyekuwa na chake mle ndani.

"Lakini kombe walilibeba," binti alisema taratibu. "Nilisimama kando ya barabara siku ile. Wazee walilia kama watoto. Wewe umewahi kulia hapa?"

"Mara nyingi."

"Kwa furaha, baba."

Fundi akajifanya nati imemgomea.

Kilichomsumbua hakikuwa paa wala kombe. Kilikuwa siri ya miaka saba, nayo ndiyo iliyomkalia kifuani kila spana ilipozunguka.

Miaka saba nyuma mto ulikuwa umepanda, ukaingia uwanja usiouhusu, ukang'oa viti na kuvirundika golini. Watu walipokuja walikuta kichuguu cha miguu na migongo. Fundi, aliyekuwa na sifa ya kutengeneza mpaka mlango wa ndoto, akasimama juu ya kichuguu kile akaapa: kila mtu atarudishiwa kiti chake, mguu kwa mguu, mkono kwa mkono. Wakampigia makofi. Makofi ni kitu kibaya sana kwa fundi.

Maana haikuwezekana. Nusu ya mbao zilikuwa zimeoza, nusu hazikujulikana ni za nani. Akakaa miezi miwili karakanani akipatanisha vilivyokataa kupatana. Mguu wa kiti cha mwalimu ukaenda kwenye kiti cha mshonaji, mkono wa kiti cha dereva teksi ukaenda kwa kinyozi. Akapaka rangi ya mbao juu ya yote, akasugua msasa, akasema, "Haya, kila mtu na chake." Watu wakaketi, wakasema kweli, hiki ndicho, nimekijua kwa mwili. Wengine walitokwa na machozi. Tangu hapo hakukuwa na siku ya kusema vingine.

Na pale mbao zilipopungua, palikuwa na kiti kimoja kizima, kilichonusurika kwa sababu kilikuwa cha mti mgumu na cha mtu mgumu. Kilikuwa cha mama yake. Marehemu mama ndiye aliyekibeba kichwani miaka ile ya kwanza, na alipokufa, nafasi ikawa ya mwanawe. Fundi alikizunguka siku tatu. Siku ya nne akakipasua. Mgongo wake akaupa kiti cha mkunga, mikono yake akaigawa, miguu, upau, pa kukalia, akakata, akaunga. Kiti cha mama kikaingia katika viti kumi na kimoja. Yeye mwenyewe alikusudia kujichongea kingine baadaye, lakini mganga hajigangi. Siku za mechi alizunguka na spana yake, na mtu mwenye spana haulizwi mbona huketi.

Alasiri kama hizi, jukwaa likisinzia, alimwona. Hakumwona mzima. Mkono katika safu ya tatu, umetulia. Kisogo katika safu ya sita. Huku mguu umekunjwa, kule mguu. Ilikuwa kana kwamba mama ameketi mahali kumi na kimoja kwa wakati mmoja, akiitazama timu ikifungwa, wala haoni ajabu. Na wiki hizi tatu alikuwa akiondoka vipande vipande kwa lori la mjukuu wake.

"Baba, mkunga huyo," binti alisema.

Mkunga alikuwa mama mnene wa taratibu, aliyewapokea duniani nusu ya wachezaji na hivyo kuwatukana bila kujizuia. Alipanda ngazi akihema.

"Mwanangu Gundi, nifungulie. Miguu haitaki ngazi tena. Hilo sofa nalo nimeshapima mlango, linapita."

"Sawa, mama."

Akapiga magoti, akaweka spana. Mkunga aliushika mgongo wa kile kiti kwa kiganja.

"Nitakukosa, we kiti. Unajua, tangu mafuriko kimekuwa bora kuliko kilivyokuwa? Zamani kilinichoma. Sasa nikiegemea ni kama mtu amenishika mabega. Nikasema huyu kijana ana mikono."

Spana ikasimama. Fundi alibaki amepiga magoti, na kwa muda alisikia nyasi zikinywa maji.

Pengine angemeza hata hilo. Alikuwa na koo la kumezea. Lakini njia ya mwongo fupi, na siku ile iliishia langoni, ambapo kinyozi aliingia akisukuma mkokoteni, juu yake kiti chake kimelala chali kama mgonjwa.

"Fundi," kinyozi aliita kutoka chini, "huu mkono si wangu."

"Si wako vipi?"

"Wangu ulitafunwa na mwanangu wa kwanza alipoota meno. Mke wangu kaniambia, lete tuyaone yale meno, mtoto sasa anaoa. Nimegeuza huku, nimegeuza huku. Hakuna meno. Kuna tundu la sigara, na mimi sivuti."

Fundi alimtazama kinyozi, akamtazama mkunga, akamtazama binti yake. Kusema ni kuvunja jina alilojenga kwa miaka arobaini. Kunyamaza ni kufungua boliti nne zilizobaki, na kuutuma mgongo wa mama yake sebuleni kwa watu, karibu na sofa.

"Hakuna mwenye kiti chake," alisema.

Akawaeleza yote, bado amepiga magoti, akielekea boliti na si watu. Alipofika kwa mama yake, aliugusa mgongo wa kile kiti, akaendelea.

Binti yake ndiye aliyesema kwanza. "Kiti cha bibi? Kile nilichokuwa nikilala chini yake?"

"Kile."

"Kwa hiyo mimi nimekuwa nikimbeba…" Aliinuka, akashuka ngazi, akakaa ndani ya lori bila kuwasha.

Kufikia jioni habari ilikuwa imezunguka mji. Katibu wa timu, mtu mwembamba mwenye katiba mfukoni, ambaye pia alikuwa kaka wa mke wa fundi, alikuja karakanani akitabasamu kwa upande mmoja.

"Shemeji, dada yangu alijua ameolewa na mwongo?"

"Dada yako ndiye aliyekuwa akinichemshia gundi."

"Basi ndoa imara." Akaketi juu ya benchi la randa. "Wamekasirika. Mwalimu anasema umemkalisha miaka saba kwenye mguu wa mshonaji bila ridhaa ya mshonaji."

"Wana haki. Wanitoe."

"Ngoja kwanza." Katibu akafungua katiba, akaweka kidole. "Huondoka na kiti chake. Nimeisoma mara tano. Chake, shemeji. Kesho nataka nikuulize jambo mbele ya watu, nawe ujibu kifundi, si kishujaa."

Ijumaa walikusanyika jukwaani, na wale waliokwisha kuondoka wakiwemo, kwa maana hakuna kinachomtoa mtu kwenye sofa kama kusikia ameibiwa mguu. Katibu alimsimamisha kinyozi.

"Hiki kiti chako?"

"Sehemu."

"Sehemu gani?"

Fundi alikipapasa kiti, akagonga kwa kifundo cha kidole. "Pa kukalia, na mguu wa kushoto wa nyuma. Mkono ni wa dereva teksi. Miguu miwili sijui. Upau huu," akaupapasa, "ni wa mama."

"Basi, ndugu kinyozi, kwa mujibu wa katiba beba pa kukalia na mguu wa kushoto. Vingine acha, ni mali ya watu."

Watu wakacheka, kisha kila mmoja akaanza kukitazama cha jirani yake. Mshonaji alimwambia mwalimu kwamba mguu wake ameuona na anautaka. Mwalimu akasema auchukue, ila yeye aachwe aanguke kwa utaratibu. Walijaribu. Fundi alifungua viti vitatu mbele yao, na kila kimoja kilidai vingine vinne vifunguliwe. Ilipofika adhuhuri palikuwa na rundo la mbao sakafuni, na mkunga, aliyekuwa amekaa muda wote akitazama, akasema, "Nyie, mbona tunarudi kule kwa mafuriko? Huyu angalau aliviunga."

Hakuna aliyetoa hotuba. Kinyozi alikuwa wa kwanza kuchukua spana. Alisema hawezi kukaa nyumbani na mkono wa mtu mwingine, mke ataanza maswali, na pa kuuweka kihalali ni hapa tu. Akafunga boliti yake mwenyewe, vibaya, fundi akaikaza, kisha akaliunga tena lile rundo. Jioni, lori lilionekana likizunguka mtaa kwa mtaa. Binti wa fundi hakueleza ni nani aliyemwamuru. Liliporudi lilishusha viti sita, na kupakia sofa sita kurudi ghalani. Mito miwili ya sofa haikuonekana, na haijaonekana mpaka leo.

Jumamosi, saa kumi kasoro, mawingu mepesi yalikuwa yameziba jua, na uwanja ukawa na mwanga wa maziwa usiotupa kivuli. Wachezaji walipasha misuli kimyakimya, kama samaki ndani ya chupa. Msajili alipanda ngazi na ubao wake wa kuandikia, akagusa kila kiti kwa kalamu. Nyuma yake alikuja Bwana Saruji, koti begani, akiangalia watu waliokwisha kupokea sofa zake bila chuki yoyote.

Msajili alifika mwisho. Akarudi mwanzo. Akahesabu tena.

"Tisini na tisa."

Ilikuwa kama upepo umepita. Mtu alianza kutaja majina ya waliohamia mbali, mwingine akataja wale waliolipenda sofa na hawakutaka kusikia habari za mguu. Saa ya msajili ilibakiza dakika kumi na mbili kufika saa kumi.

Bwana Saruji alikuwa amesimama karibu na fundi. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia. "Na wewe? Chako kipi?"

Fundi alifungua mdomo. Tisini na tisa waligeuka kumtazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba wakaona kwamba mtu huyu huwa amesimama.

"Chenu," alisema. "Mmekikalia."

Mkunga alijipapasa mgongoni kwa mkono, polepole, akaugusa ule ubao nyuma yake.

Chini, mlango wa lori uligongwa. Binti yake alipanda ngazi mbili mbili, na kichwani, kama bibi yake zamani, alikuwa amebeba kitu. Kilikuwa kigoda cha jikoni kwao, chenye miguu mitatu na doa la mafuta.

"Mama yako atakalia nini?" fundi aliuliza.

"Ndiye aliyenipa. Kasema atasimama mpaka umchongee kingine, na kisichukue miaka saba."

Msajili alikiinamia. "Hiki ni kiti?"

"Kinakalika," katibu alisema, katiba tayari mkononi. "Na kimetoka nyumbani. Mgongo katiba haikuutaja."

Binti alikuwa amekwisha kupiga magoti. Boliti tatu, nati tatu. Mkono wa baba yake ulijinyoosha kuchukua spana, akausukuma. "Kaa," alimwambia. "Nitakaza ukiwa umekaa, ndipo kitajua uzito wako."

Akaketi. Msajili akaandika, akapiga mstari chini, akafunga kalamu.

Bwana Saruji alitazama chini kwenye nyasi. "Paa lingekuwa zuri sana," alisema.

"Lingekuwa," fundi alikubali, na alimaanisha. Mvua ilikuwa njiani, na msimu ujao nauli za wachezaji zingetafutwa kama kawaida, kwa kupitisha kofia safu kwa safu.

"Na mimi nikileta kiti?"

"Kimoja," katibu alisema.

Yule tajiri alifikiri kwa makini, akikunja uso kama anayepita chumba kwa chumba nyumbani kwake. "Kwangu kuna sofa tu," alisema mwishowe, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiona haya.

"Basi zungumza na Gundi. Ila uwe na subira."

Filimbi ikapulizwa. Kutoka kwenye kigoda, fundi aliona visogo tu, na kati yake vipande vya kijani. Hakujali. Mbao zilianza kulia, huku moja, kule moja, na alizijua zote kwa sauti. Safu ya tatu, mkono. Safu ya sita, mkunga aliegemea, akashikwa mabega. Vipande vichache vya mama vilikosekana, vilikuwa vimebaki sebuleni mwa watu, na pengine vilikuwa na maisha yao huko.

"Baba," binti yake alinong'ona, amekaa kwenye saruji kando yake, "unalia?"

"Hatujafunga bado," alisema. "Tulia."